Vikombe Vitatu vya Mama Nyanzala

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Kama mikono yenu ina kazi, iendelee na kazi. Naomba masikio tu.

Leo tunamkumbuka mwanamke mmoja wa Kakese, nje ya mji wa Mpanda. Jina lake Nyanzala. Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, mwezi huu wa Agosti 1998. Hakuwa kiongozi. Hakuwa tajiri. Alikuwa mpika pombe.

Ndiyo, mpika pombe. Alipika wanzuki, pombe ya asali. Alifika huku mwaka 1983 na mumewe, wakitokea Shinyanga, wakiswaga ng'ombe. Mume alipofariki, ng'ombe walikwenda kwa ndugu wa mume. Nyanzala akabaki na watoto wawili, Manyanda na Dorice. Jirani yake mmoja, mwenyeji wa kabila la Wakonongo, akamfundisha kupika wanzuki kwa asali ya misitu ya Ugalla. Kwa wanzuki hiyo alimsomesha Dorice hadi akachaguliwa kwenda chuo cha ualimu Tabora. Lishikeni jina hilo. Dorice, binti wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa anakwenda kuwa mwalimu.

Siku ya safari ilikuwa Machi 1996. Treni ya Tabora ilikuwa inaondoka Mpanda mchana. Pale Kakese gari la kutegemewa lilikuwa moja tu, lori la mpunga, na dereva wake aliitwa Cletus. Ndiye aliyebeba mpunga kwenda mjini. Ndiye aliyebeba wagonjwa, na ndiye aliyebeba maharusi.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, pale Kakese kulikuwa na desturi. Ukimsafirisha mtu wako, unampa dereva kinywaji kabla hajaondoka. Wenyewe wanakiita kikombe cha usukani. Ni heshima. Ni namna ya kusema, nimekukabidhi mtu wangu, mfikishe. Kutompa dereva kikombe ilikuwa aibu, na dereva kukikataa ilikuwa tusi.

Manyanda, mtoto mkubwa wa marehemu, alikuwepo asubuhi ile. Amenisimulia.

"Mayu, leo umenikumbuka," Cletus alisema alipoona kibuyu cha wanzuki mkononi mwa Nyanzala, akimwita mama kwa Kisukuma.

"Nimekukumbuka, baba. Lakini huyu akae mbele na wewe. Asikae juu ya magunia kama mzigo."

"Huyu ni mwalimu wangu. Atakaa mbele kama mke wa mkuu wa wilaya."

Watu wakacheka. Cletus akamaliza kikombe cha kwanza. Akasema ya leo ina nguvu, hii imepikwa kwa ajili ya harusi. Akapewa cha pili. Nyanzala, kwa mkono wake mwenyewe, akamimina cha tatu.

"Mama alikuwa na furaha sana," Manyanda aliniambia. "Sijawahi kumwona vile. Dorice ndiye aliyesema, 'Mama, inatosha, treni itaniacha.'"

Lori lilipinduka kwenye daraja la magogo kabla ya kufika mjini. Ilikuwa saa nne asubuhi. Barabara ilikuwa kavu, na jua linawaka. Waliokaa juu ya magunia waliruka, wakapona. Dereva aliumia mkono. Dorice, aliyekaa mbele, mahali pa heshima alipoombewa na mama yake, alifariki palepale.

Wasikilizaji wapendwa, sheria ipo. Nimeitafuta nikaisoma. Anayeendesha gari akiwa amelewa anaweza kutozwa faini, anaweza kufungwa jela, na anaweza kunyang'anywa leseni. Faini, jela, leseni. Nyanzala hakutaka faini, wala hakutaka jela. Alitaka kitu kimoja tu. Alitaka Cletus asishike tena usukani.

Lakini sheria inataka ushahidi. Kifaa cha kupima pumzi hakikuwepo. Daktari alimwona dereva kesho yake. Walioshuhudia akinywa walikuwa zaidi ya kumi, na kesi iliahirishwa mara sita kwa sababu hawakutokea. Mara zote sita Nyanzala alitembea kwa miguu hadi mahakamani, mwendo wa saa nne, kwa kuwa hakutaka kupanda lile lori, lililokuwa limeshatengenezwa na kurudi barabarani.

Nilimuuliza Mzee Alois, jirani yao, kwa nini hawakwenda. Hakunificha.

"Lori lilikuwa moja, mwanangu. Tukimfunga dereva, mpunga tunaubeba kichwani? Halafu sisi wenyewe tulikuwa tunakunywa naye. Unaanzia wapi?"

Basi Nyanzala akatoa ushahidi peke yake. Hakimu akamuuliza alijuaje kwamba dereva alikuwa amelewa.

"Nilimlewesha mimi, mheshimiwa. Vikombe vitatu."

"Alipepesuka?"

"Hapana. Alipanda gari vizuri."

"Aliongea ovyo?"

"Aliongea kama siku zote."

Mama huyu hakujua kusema uongo. Manyanda anasema alikuwa kwenye benchi la nyuma, akiomba mama yake aseme tu kwamba mtu yule alipepesuka. Neno hilo moja. Hakulisema.

Cletus alipatikana na hatia ya kuendesha bila uangalifu na kusababisha kifo. Siyo ulevi. Alitozwa faini, na mwenye lori akailipa siku hiyohiyo. Nyanzala akasimama.

"Na leseni, mheshimiwa?"

Hakimu, wanasema, alivua miwani. "Mama, kwa ushahidi huu, siwezi."

Nje ya mahakama lori lilikuwa linanguruma. Cletus akafungua mlango wa mbele. "Mayu, panda nikurudishe. Ni mbali." Wanasema alisema kwa huruma kabisa. Nyanzala akatembea.

Toka siku ile, kila asubuhi lori likipakia, Nyanzala alikuwa pale dirishani kwa dereva. "Pumua nikusikie," alimwambia. Cletus alipumua huku akicheka. Abiria nao walicheka. Walimwita trafiki asiye na kofia. Yeye alikuwa na pua ya mpika pombe. Akiisikia harufu, aligeuka na kuwaambia abiria, "Nyie, huyu amekunywa. Shukeni." Hawakushuka. Gari lilikuwa moja.

Mara moja tu mtu alishuka. Ni Générose, mama mwenye mtoto mgongoni. Lori likaenda, likafika salama, na Générose akaikosa treni. Alimlaumu Nyanzala mwezi mzima. Ameniambia hivyo yeye mwenyewe kule msibani, akilia.

Kuhusu msiba wenyewe, sikujua kama niwasimulie. Nyanzala alifia hospitali mjini, kwa ugonjwa wa tumbo. Ndugu walitafuta gari la kumrudisha Kakese. Walilolipata mnalijua. Cletus alikuja mwenyewe, hakudai nauli. Jeneza likapandishwa. Manyanda akasogea dirishani.

"Nikamwambia, pumua nikusikie," alinisimulia.

"Akapumua?"

"Akapumua. Hakucheka."

"Ulisikia harufu?"

Manyanda alikuwa anachora chini kwa kijiti.

"Jua lilikuwa limeshapanda," alisema. "Mwili haungeweza kusubiri. Wazee walikuwa wanatuita, twendeni, twendeni. Tukapanda."

Walifika salama, wasikilizaji wapendwa. Mama Nyanzala amezikwa pembeni ya mwanawe.

Tunatoa pole kwa Manyanda, kwa ukoo wote, kwa majirani wa Kakese. Tunampa pole pia Mzee Alois, ambaye ameniambia halali vizuri. Mungu awapumzishe mama na binti yake.

Nilipokwenda Kakese niliamini nitarudi na jibu la kuwapa. Sikurudi nalo. Ninaloweza ni kuwaomba. Kama una kikombe cha kumshukuru dereva, kifunge kwenye chupa, akanywe akishafika na kulaza gari. Na kama uliona, nenda ukaseme ulichoona. Mama mmoja alikwenda kwa miguu kila mara kesi ilipoitwa, na kiti cha mashahidi hakikuwa na mwingine.

Kesho asubuhi lori litapakia mpunga pale Kakese kama kawaida. Dereva ni yuleyule. Dirishani kwake hatakuwepo mtu.