Bi Daftari na Siku Kumi na Tisa za Kiota

Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake marehemu, na ndiye anayeusoma. Hajalala vizuri tangu Jumanne na sauti imemkauka, mtamvumilia. Marehemu alimwachia sharti moja tu, kwamba asisome uongo. Kwa hiyo hamtasikia sifa tupu, na mwenye kuona haya leo ni msomaji mwenyewe.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Daftari, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1961, kifungua mimba wa fundi cherehani na mkewe, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake. Mdogo wake alimfuata baada ya miaka saba. Dukani kulikuwa na kopo la vifungo visivyofanana, na mtoto yule alikuwa akivipanga sakafuni kumi kumi, asubuhi mpaka jioni, hadi wateja wakauliza kama yuko sawasawa. "Huyo ndiye mwenye akili humu ndani," baba aliwajibu. "Sisi wengine tunabahatisha."

Alianza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978. Ada ya kuendelea haikupatikana, akarudi dukani kushona vifungo. Hakulalamika, ingawa mdogo wake anakumbuka vitabu vyake vya baiolojia vilikaa chini ya mto wake miaka mingi.

Tarehe 4 Februari 1985 aliajiriwa na kituo cha utafiti wa msitu. Kazi yake ilikuwa kukitazama kiota kimoja cha nyuki wadogo wasiouma, ndani ya tundu la mti mkubwa, mwendo wa dakika arobaini kutoka ofisini. Aliketi pembeni ya mti kwenye kigoda, kamwe si mbele, kwa sababu anayekaa mbele huwazibia njia. Mlango wa nyuki wale ulikuwa mrija wa nta usiozidi kidole, na nyuki walinzi wamejipanga mdomoni. Kila saa aliwatazama kwa robo saa: nani amerudi na chavua miguuni, nani na utomvu, nani amerudi hivi hivi. Kila wakifika kumi, kifungo kimoja kilitoka mfuko wa kushoto kikaingia wa kulia. Kisha aliandika daftarini. Alikwenda mvua, jua, hata Jumapili, na likizo zake zilikuwa za kwenye karatasi tu. Alifanya hivyo mpaka mti ulipoanguka mwaka 2016. Jamani, miaka thelathini na moja! Kuisoma tu kunachosha.

Mumewe, dereva wa kituo, alimfuata hukohuko msituni kumposa. Marehemu hakugeuka. "Ngoja robo saa iishe," alimwambia. Bwana akasimama, nyuki wakimtambaa kwenye nyusi na masikioni, na saa ilipofika akawa amesahau hotuba yote. "Nimekuelewa," marehemu alisema, "hebu kaa chini." Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1992. Bwana alitangulia mwaka 2009, na baada ya hapo dada hakucheka sana.

Sasa tufike pale panapomhusu msomaji. Mwezi Machi 1994 marehemu alijifungua binti yake kwa upasuaji, akalazwa. Mdogo wake alikuwa ndiyo kwanza ameajiriwa kuwa mlinzi wa geti la kituo, bado yuko kwenye majaribio, na mkewe ni mjamzito. Akaambiwa akamshikie dada yake daftari kuanzia tarehe 3 hadi 21. Siku ya kwanza alikwenda, nyuki wakamwingia puani, akakimbia. Siku zilizobaki alicheza drafti na madereva, akawa anaandika namba za kubuni kwa kuangalia za wiki iliyopita. Hata ile ya kwanza aliibuni, maana hakumaliza robo saa hata moja. Siku kumi na tisa, zote za uongo.

Dada alirudi, akasoma daftari akiwa amesimama, akalifunga. "Asante kwa kunishikia," alisema. Mdogo wake akadhani uongo wake umepita. Kila mwaka kituo kilipolisifu daftari lake kwa kutokosa hata siku moja, marehemu alikuwa akitoka nje kabla ya makofi, na sisi tukasema ni unyenyekevu.

Moyo wake ulianza kumsumbua mwaka 2019. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, na miezi minne ya mwisho hakutoka kitandani. Binti yake na mdogo wake walipokezana hospitalini. Mchana mmoja wa mwezi Mei, mdogo wake akimkanda miguu, dada alimwuliza, "Hivi, wale nyuki wa tarehe kumi na moja walivaa makoti?"

"Nyuki gani, dada?"

"Siku ile mvua ilinyesha kutwa. Mvua ikinyesha namna ile hatoki hata mmoja. Wewe uliandika mia na arobaini."

Mdogo wake alitamani sakafu ipasuke. Akauliza kwa nini hakusema miaka yote hiyo.

"Wangekufukuza. Na mkeo vile alivyokuwa, ungekwenda wapi?" Akapumzika kidogo, akaendelea. "Mimi nimechoka kuibeba siri hii. Watu wa kituo watakuja kuyachukua madaftari wachape kitabu. Ufute zile siku, na useme mwenyewe, mbele ya watu."

Alifariki Jumanne, tarehe 11 Juni 2024, saa nne na nusu asubuhi. Binti yake alipochapa wasifu huu aliuliza, "Mjomba, mbona umeitoa ile ya daftari kutokosa hata siku moja? Si ndiyo sifa yenyewe?" Mjomba hakuwa na nguvu ya kueleza mara mbili.

Ameacha binti mmoja, mkwe, wajukuu watatu, na mdogo wake huyu, aliyelea watoto wake wanne kwa mshahara wa geti lile mpaka kustaafu.

Mkuu wa kituo, wewe uko hapa, na madaftari utakabidhiwa leo. Katika daftari la kumi, kuanzia tarehe 3 hadi 21 Machi 1994, utakuta mistari iliyokatwa kwa kalamu nyekundu, na sahihi pembeni si ya marehemu. Siku hizo nyuki walitoka na kurudi, na hakuna aliyewatazama.

Dada, imeshasemwa. Lala sasa, pumzika kwa amani.