Njia Rahisi ya Sutvid

Pale langoni mwa mji wa Dragovan pana baraza ya mawe iliyojengewa ukutani, na kila asubuhi ya Mungu inakaliwa na watu watatu wale wale. Silvano, aliyeendesha gari la manispaa mpaka akastaafu, wanamwita Manispaa, na bado anatoa maamuzi kwa niaba yake. Egidio wanamwita Baharia, ingawa miaka yote aliyopika melini bahari aliiona kupitia kidirisha cha jiko. Wa tatu ni Armida, mwanamke mwembamba wa miaka sabini na moja. Jina lake la barazani ni Tarehe, kwa sababu hajatokea mtu wa kutaja mwaka mbele yake akaachwa amalize sentensi. Kahawa inaletwa na Nevija, mwenye mgahawa mkabala. Asubuhi hiyo ya mwisho wa Oktoba walikuwa na shughuli ya maana, jambo lisilo la kawaida yao: walikuwa wanamsubiri afisa wa ardhi.

Tajiri mmoja wa mji mkuu alikuwa amenunua nyumba ya bondeni, akafunga uzio wa waya katikati ya njia iendayo Sutvid, mji wa kilima cha pili. Afisa alikuwa anakuja kuuliza jambo moja tu: je, yupo hata mkazi mmoja wa Dragovan aliyeipita njia ile kwa miguu mwaka huu? Akiwepo, uzio utang'olewa. Asipokuwepo, njia imekuwa shamba la tajiri, na mambo yameisha.

Armida hakulala vizuri kwa ajili hiyo. Dragovan imekaa juu ya mwamba mtupu, haina udongo wa kuzikia, kwa hiyo wafu wake wanalala Sutvid. Zamani walibebwa mabegani kwa njia hiyo, na katikati ya safari jeneza lilipumzishwa juu ya jiwe moja bapa, waliobeba wakafuta jasho. Bibi yake alilazwa pale. Mama yake pia. Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuwaambia watoto wake kwamba siku yake ikifika asipakiwe kwenye gari kama friji.

— Hebu nisomee tena lile bango lao, alisema, akielekeza kidole kwenye ubao wa watalii uliopigiliwa langoni. — Miwani nimeiacha.

Manispaa akasoma kwa sauti ya kiserikali:

— Njia rahisi. Miji miwili ya kale. Vilima vya upole. Inafaa kwa kila umri.

— Upole! Kilima kilichomuua punda wa babu mwaka hamsini na nane, leo kimekuwa cha upole. Kimeokoka lini?

— Hamsini na tisa, Baharia akachokoza.

— Nane, mwezi wa tatu. Usinichezee punda wetu, Egidio.

— Mimi namkumbuka kama jana.

— Ulikuwa tumboni.

Nevija akacheka huku akiweka vikombe. Baharia hakutikisika, alikuwa mtu wa kuzama polepole, kama meli zake.

— Chini ya maandishi wameongeza, Manispaa akaendelea. — Nusu ya safari kuna jiwe bapa, mahali pazuri pa kupumzika na kula.

— Pazuri sana, Armida alisema. — Mama alilala pale robo saa nzima na hakulalamika. Nasikia sasa wanakatia soseji juu yake.

— Soseji ni heshima pia, Baharia alisema.

— Wewe tukikubeba tutakuwekea haradali pembeni.

— Jamani, tupange ushahidi, Manispaa akakatiza. — Afisa si mtu wa kupigiwa porojo. Kwanza tumweleze huyu tajiri anatafuta nini. Mimi nimeshajua: uyoga. Ule wa ardhini, unaochimbuliwa na mbwa. Amesikia kipande kama ngumi kinamlipia mtu gari.

— Uyoga! Baharia akatema kokwa ya zeituni. — Silvano, ndiyo maana hawakukupandisha cheo. Chini ya ile njia kuna handaki. Wavenisi waliotutawala zamani walilichimba kutoka hapa mpaka baharini.

— Baharini ni siku nzima kwa miguu.

— Walikuwa na muda. Hawakuwa na televisheni.

— Na handaki la nini?

— Kupitisha chumvi bila ushuru. Huyu bwana amelipata kwenye ramani ya zamani. Sasa niulizeni wale wenye fimbo mbili mbili wanafanya nini.

Hakuna aliyeuliza, lakini Baharia hajawahi kuhitaji kuulizwa. Watembezi wenye fimbo walikuwa wakipita mbele ya baraza tangu masika, mmoja mmoja na makundi, kofia kichwani, ramani kifuani, wakisalimia kila mtu hadi paka.

— Mtu mzima mwenye miguu miwili, fimbo mbili za nini? Baharia aliendelea. — Zile ncha zina mtambo. Tii, tii, tii, wanapima ardhi. Wanatafuta madini ya betri. Tajiri amewalipa, wao wanajifanya wanapenda kanisa la karne ya kumi na tano.

— Ya kumi na nne, Armida akasema.

— Ndiyo maana wanatembea polepole! Manispaa akadakia, uyoga ulikuwa umemtoka kichwani. — Nami nashangaa. Kilima kile mimi nakipanda nikipiga mluzi.

— Wanatembea polepole kwa sababu ni wazee kama wewe. Tofauti ni kwamba wao wanatembea.

— Dada Armida, umeanza.

— Sijaanza. Nikianza utajua. Haya, afisa akikuuliza, utajibu nini?

Manispaa akakaa wima, akakohoa.

— Mheshimiwa, njia hii ni mishipa yetu. Tukiwa watoto tuliipita kwenda shule. Baba yangu aliipita akiwa na gunia la ngano. Babu yangu aliipita akirudi vitani, mguu mmoja ameuacha huko.

— Na wewe?

— Mimi ni mjukuu wake.

— Safi, Baharia alisema. — Mimi nitalia kidogo.

Armida naye alikuwa na jibu lake tayari. Alikuwa amelipanga usiku kucha bila kukosea: nani alibebwa mwaka gani, nani alishika upande gani wa jeneza, mvua ilinyesha wapi. Watu kumi na tisa wa ukoo mmoja juu ya jiwe moja. Afisa gani angesikia hayo asiung'oe uzio kwa mikono yake?

Hapo ndipo lilipotokea tope langoni, na ndani ya tope mwanamke. Alikuwa wa makamo, amejaa udongo kuanzia magotini hadi viwikoni, jani limemganda kwenye nywele, fimbo zake mbili kwapani.

— Mtambo huo, Baharia akanong'ona.

— Habari za asubuhi, mgeni alisema. Alizungumza lugha yao kwa lafudhi ya Kicheki, akichagua kila neno. — Naitwa Radka. Naomba maji, tafadhali, na samahani kwa kuchafua mji wenu.

Nevija akamletea maji na kiti. Armida akamwuliza ametoka wapi kwa hali ile.

— Sutvid. Njia ina uzio, una kufuli. Nimepita chini, kwenye shimo la nguruwe-mwitu.

— Pole, mama. Ndiyo hilo tunalopigania hapa.

— Vizuri sana! Uso wa Radka ukachangamka. — Naipenda njia hii. Nakuja kila vuli tangu mume wangu afariki, na kila mara najiuliza jambo moja, lakini naona haya kuuliza.

— Uliza, Manispaa akasema kwa ukarimu. — Hapa ndipo penyewe.

— Sijawahi kukutana na mtu wa hapa njiani. Hata mmoja. Nikasema labda wana njia nyingine, nzuri zaidi, wanatuficha sisi wageni. Ninyi mnapita wapi?



Manispaa alikuwa na funguo za gari kidoleni, akizizungusha tangu asubuhi. Akazifunika kwa kiganja. Baharia akatazama ndala zake za plastiki, akazivuta chini ya baraza kama mtu anayeficha mbwa wa kuokota. Nevija akakumbuka kwamba ana maziwa jikoni.

Armida alifungua mdomo, na tarehe ikamjia yenyewe, kama kawaida: Februari, mwaka tisini na saba, siku ya Alhamisi. Siku waliyombeba mama. Alitafuta nyingine ya baada ya hapo. Alitafuta kwa uaminifu, mwaka baada ya mwaka, na kila mwaka alijikuta kwenye kiti cha mbele cha gari la Silvano, chungu cha maua ya makaburi mapajani, redio inaimba, wakizunguka kwa barabara ya lami.

— Sisi, Manispaa alisema hatimaye, — tunapita... kwa ujumla.

— Kwa ujumla ndiyo wapi? Radka akauliza. Hakuwa anadhihaki, alikuwa anataka kujua.

— Basi tuseme tumepita juzi, Baharia akasema upesi. — Mimi na Silvano tumepita juzi. Nani atabisha? Nguruwe?

— Tarehe atatuunga mkono, Manispaa akasema. — Yeye akisema juzi, hata mahakama inaandika juzi.

Wote wawili wakamgeukia. Na hiyo ilikuwa kweli tupu: neno moja lake lingetosha. Juzi. Neno dogo. Mama angebaki na njia yake, na yeye angebaki na yake.

— Sisemi juzi, Armida alisema.

— Dada, ni neno tu!

— Nikiisogeza tarehe hii, zile kumi na tisa za jiweni nazo ataziamini nani? Akainuka, mkono mmoja ukutani. — Nevija! Wewe unavaa viatu namba ngapi?

— Thelathini na nane, sauti ikatoka jikoni. — Kwa nini?

— Niletee buti zako za shambani. Na soksi.

— Armida, acha utani, Manispaa akasema. Safari hii hakuwa na sauti ya kiserikali. — Una goti bovu wewe. Ngoja nikupeleke na gari mpaka bondeni.

— Silvano, ukiwasha hilo gari nitalala mbele yake.

Alivaa buti palepale barazani, akifunga kamba taratibu, huku Baharia akitoa mawaidha kuhusu nyoka wa vuli ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Kisha akamgeukia mgeni.

— Mama Radka, lile shimo la nguruwe, mtu wa kimo changu anapita?

— Akilala kifudifudi.

— Umechoka?

— Nimechoka, Radka alisema, na akainuka. Akampa fimbo moja.

Armida aliipokea, akaitazama ncha yake, kisha akamtazama Baharia. Wakatoka langoni, mgeni mbele, mwenyeji nyuma. Jiwe la kwanza la mteremko lilikuwa na utelezi na goti likalia. Akasimama, akavuta pumzi, akashuka la pili.

Simu ya Nevija ikaita, namba yake ndiyo waliyompa afisa. Alisikiliza kidogo, akaifunika kwa aproni, akakimbilia langoni.

— Mama Armida! Afisa amefika, anaegesha gari! Anauliza shahidi yuko wapi!

— Mwambie niko njiani!

Nevija akamwambia. Afisa akaguna kwenye simu, mguno wa mtu anayeambiwa neno hilo kila siku na watu walio bado kitandani.

— Hapana, mzee, Nevija alisema, akimtazama Armida akipotea kwenye kona ya mlozi, mgongo umeinama, fimbo mkononi. — Huyu yuko njiani kweli.