Hatua Sitini za Baba Kulwa

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimesimama hapa na hasira yangu, na Yeye anaijua, kwa hiyo sitaificha.

Mnanifahamu, mimi ni Mama Kulwa wa Itetemia. Mume wangu alikuwa mfanyakazi wa reli mpaka siku ile alipoanguka kutoka juu ya behewa pale Kigwa, akaumia mgongo. Miguu ikafa. Hospitali wakampa kiti cha magurudumu, tukashukuru, tukarudi nyumbani. Lakini kutoka mlangoni kwangu hadi barabarani ni hatua sitini, na zote ni mchanga! Magurudumu yalizama siku ile ile ya kwanza.

Miezi minane Baba Kulwa alikaa ndani. Akaacha kunyoa ndevu. Asubuhi moja akaniambia, "Mama Kulwa, mimi nimeshazikwa, bado kufukiwa tu." Nililia, ndugu zangu!

Nikaamua kumtengenezea njia. Niliuza cherehani yangu, ile iliyokuwa inatulisha. Nikamwita fundi wa mjini, jina lake silitaji kanisani. Akataka hela ya changarawe, hela ya lori, hela ya kushindilia, hata hela ya chai! Nikalipa yote. Akaja na udongo wa kichuguu. Na mimi, mjinga mimi, nikausifia! Si ndio tunaosiribia sakafu zetu sote? Ukikauka unakuwa mgumu, unafagia mpaka unang'aa. Nikautembelea peku, nikafurahi, nikamchinjia fundi kuku. Sikufikiri kwamba sakafu ina paa na njia haina. Yeye nadhani alifikiri, akala kuku wangu hivyo hivyo.

Mvua ya kwanza ilinyesha Jumamosi. Jumapili Baba Kulwa akanyoa, akavaa koti lake la harusi, nikaanza kumsukuma kuja hapa ibadani. Njia ilikuwa mlenda! Kiti kiliteleza, kikapinduka, na mume wangu akalala kifudifudi kwenye tope. Ninyi mlikuwa mnapita barabarani. Mlisimama, mkasikitika, mkasema mtatuombea. Na kweli mliomba, maana nilisikia nyimbo zenu nikiwa namwosha.

Siku ile nilimlaani fundi, nikawalaani na ninyi. Kisha nikapiga magoti kwenye tope lile lile, nikamwambia Mungu kwamba kama ananiona, basi aache kunitazama tu.

Jumamosi iliyofuata watu walikuwa kwenye kazi ya kujitolea, wanasomba changarawe ya uwanja wa shule. Balozi wetu wa nyumba kumi ni Bi Zuhura, jirani yangu Mwislamu. Kazi ilipokwisha hakumruhusu mtu kuondoka. Niliwaona wanakuja, wake kwa waume, makarai kichwani, yeye mbele! Walikwangua udongo ule wote wa kichuguu, wakamwaga changarawe, wakashindilia kwa magogo huku wakiimba Kinyamwezi. Bi Zuhura akanigombeza mbele yao wote: "Umeuza cherehani na sisi tupo? Kwani sisi tumekufa?"

Nilikuwa nimeona haya kuomba, nikadhani kulipa ndiyo heshima. Hela haikurudi, wala cherehani. Lakini jioni ile Baba Kulwa alijisukuma mwenyewe hadi barabarani, akakaa pale anamsalimia kila apitaye. Wadogo walimwambia shikamoo, naye akaitika marahaba kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu Kigwa. Mungu ni mwema! Alinitoa kwenye uchungu, na akatumia mikono aliyoikuta iko tayari.

Ndugu yangu uliyejifungia na shida yako, mtumaini! Mtumaini hata kama umemkasirikia. Mwambie, na jirani yako mwambie pia.

Naona mnageuka kumtafuta Baba Kulwa kwenye mabenchi. Hayupo. Amekuja leo kwa magurudumu yake, yuko nje juani, ananisikiliza kupitia dirisha, kwa sababu mlango wa kanisa letu una ngazi tatu. Ngazi tatu, ndugu zangu! Msiniambie mtamwombea. Bi Zuhura amesema Jumamosi anakuja hapa na karai lake. Nani mwingine anakuja? Inueni mikono, na muiinue juu, ili Baba Kulwa amwone kila mmoja kutoka pale nje alipo.