Anastasia Albano, Mama wa Wawili (1938–1984)

Ndugu zetu wa Masasi na majirani wa Mwananyamala, poleni kwa msiba, na poleni kwa kusimama juani. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wa marehemu, Margareta. Marehemu alipoona kwamba hatapona, aliomba jambo moja tu: siku ya kuzikwa kwake isemwe wazi kwa nini alikuwa na watoto wawili. Kuliandika hilo kulihitaji ruhusa ya mtu mwingine, na ruhusa hiyo ilipatikana jana mchana.

Anastasia alizaliwa tarehe 14 Mei 1938 katika kijiji cha Lukuledi, Masasi, akiwa mtoto wa nne wa katekista Albano na mkewe Anjelina. Wazazi hao walipata watoto kumi na mmoja. Waliokua ni sita. Mama Anjelina alifariki mwezi Machi 1951 akijifungua mtoto wa kumi na moja, na mtoto naye hakuifikia jioni. Anastasia alikuwa na miaka kumi na miwili. Ndiye aliyewaosha wadogo zake asubuhi ya mazishi, na walipomwuliza mama atarudi lini, aliwaambia wamalize uji kwanza.

Alianza shule ya misheni hapo Lukuledi mwaka 1946, akaiacha kwa mwaka mzima baada ya kifo cha mama ili alee wadogo zake, kisha akarudi na kumaliza darasa la nane mwaka 1954. Mwaka uliofuata aliingia mafunzo ya uuguzi na ukunga Ndanda, akahitimu 1958. Kwenye cheti chake waliandika: mtulivu, hachoki. La pili halikuwa kweli. Alichoka sana, ila hakuwa na desturi ya kulisema.

Januari 1959 alikuja Dar es Salaam na kuajiriwa katika wodi ya wazazi. Alikuwa humo nchi ilipopata uhuru, na alikumbuka zaidi kwamba wiki ile vitanda havikutosha. Mwaka 1969 alipelekwa kusomea uzazi wa majira, na tangu 1970 hadi alipougua alifanya kazi katika kliniki ya mama na mtoto huko Buguruni. Wakati ule, pale kliniki, mwanamke hakupewa vidonge bila fomu yenye saini ya mumewe, na msichana ambaye hajaolewa hakupewa kabisa. Anastasia hakuitunga sheria hiyo, lakini yeye ndiye aliyeketi mezani kuitekeleza. Wapo wasichana aliowarudisha nyumbani, kisha akawapokea tena baada ya miezi michache, wajawazito, wamekwisha kufukuzwa shule. Majina yao aliyakumbuka hadi mwisho.

Yalikuwepo pia ya kumchekesha. Mwaka 1973 Mwanaasha, mke wa Bwana Mwinshehe, alirudi kliniki akiwa na mimba ya miezi minne.

"Vidonge hukunywa?" Anastasia alimwuliza.

"Nimekunywa, Sista. Nusu mie, nusu mke mwenzangu. Yeye fomu yake mume hajaitia saini, nikaona si vizuri kunywa peke yangu."

"Mmegawana pakiti moja?"

"Si kila siku mkutanoni tunaambiwa tugawane?"

"Na huyo mwenzako yuko wapi?"

"Huyo hapo kwenye benchi. Yeye miezi mitano."

Mabinti wawili waliozaliwa mwaka ule wamekuja leo na mama zao. Mmoja wao, nyumbani kwao, hadi sasa wanamwita Sista.

Katikati ya miaka ya sabini redio ilisema watu duniani wamefika milioni elfu nne. Mkubwa wa kliniki aliwataka wauguzi wawatangazie akina mama habari hiyo. Anastasia alisema, "Hao mie siwafahamu. Nawafahamu hawa arobaini walio kwenye foleni." Na sensa ya 1978 ilipohesabu zaidi ya milioni kumi na saba hapa Tanzania, wako waliofurahi kwamba nchi imepata mikono ya kulima. Yeye aliuliza wakunga wameongezeka wangapi.

Tarehe 28 Julai 1962 alifunga ndoa na Nikodemu Leonardi, fundi seremala. Felicitas alizaliwa 1964 na Kasiani 1967. Baada ya Kasiani, mume na mke walikaa wakazungumza, wakakubaliana kwamba hao wawili wanatosha. Anastasia alikuwa ameshaona mama yake alivyokwisha. Fomu ya kwanza kutiwa saini kliniki ile ilikuwa yake, na saini ilikuwa ya Nikodemu. Alipomaliza kuandika jina lake alisema, "Mama asijue."

Mama yake Nikodemu, Bibi Jovina, alihamia kwao Mwananyamala mwaka 1971. Ikaanza kusemwa kwamba mke wa Nikodemu amefungwa kizazi. Jamaa walimshauri Nikodemu aoe mwingine. Hakuoa, na hilo ni la kumshukuru. Lakini pia hakusema neno. Padre naye alikuwa na lake kuhusu vidonge. Anastasia alimsikiliza, akaendelea kwenda misa.

Kazini akina mama walimwuliza, "Na wewe, Sista, unao wangapi?" Akijibu wawili, walimpa pole, naye alipokea. Kwa miaka kumi na tatu aliwafundisha watu kuchagua, asiweze kusema kwamba yeye mwenyewe alichagua. Mwaka 1981 aliitwa kuzungumza na vijana kwenye ofisi ya tawi la chama. Msichana mmoja alisimama.

"Shikamoo, Sista. Naomba kuuliza. Wewe ulichagua au ulikosa? Maana kwetu wanasema ulikosa, ndiyo unatuonea wivu sie."

Vijana wakacheka. Anastasia alisema muda umekwisha, akakusanya karatasi zake. Alipofika nyumbani alimweleza mumewe yaliyotokea. Nikodemu alimjibu, "Mama bado yupo." Hawakulizungumza tena.

Oktoba 1983 miguu yake ilianza kuvimba. Mitaani ilisemwa kuwa ni adhabu ya vidonge alivyowagawia watu. Daktari alieleza kwamba moyo wake uliharibika tangu utotoni, kwa homa ya viungo. Alilazwa Muhimbili tarehe 22 Julai mwaka huu, akafariki Alhamisi, tarehe 9 Agosti, saa tisa alasiri, mumewe akiwa kando yake.

Jana wazee wa ukoo walikaa kuusikiliza wasifu huu kabla haujapigwa chapa. Walishauri iandikwe kwamba Mungu hakumjalia zaidi ya wawili. Margareta alimtazama shemeji yake.

"Shemeji, futa hilo," Nikodemu alisema. "Andika tuliamua. Mie na yeye. Na aliyemwambia anyamaze ni mie."

Kisha aliinuka, akaenda mwenyewe ndani kwa mama yake. Bibi Jovina alimsikiliza hadi mwisho. Kila mwaka bibi huyu aliagiza mizizi kutoka Masasi, akaichemsha kwa mikono yake ili mkwewe afunguke kizazi. Aliuliza swali moja tu.

"Na dawa zangu, alikuwa anazimwaga?"

"Hapana, mama. Alizinywa zote."

Bibi Jovina akasema wasifu usomwe kama ulivyo, naye apewe kiti mahali atakaposikia vizuri. Ndiye huyo aliyeketi hapa mbele.

Marehemu ameacha mume, Nikodemu Leonardi. Mama mkwe, Bibi Jovina. Wadogo wawili, Margareta na Demetria. Na watoto, Felicitas, mwalimu huko Tabata, na Kasiani, mwanafunzi wa kidato cha nne. Watoto ni wawili kwa sababu yeye na mumewe walitaka wawili.

Dada yetu, limesemwa. Pumziko lako na liwe la amani.