Heri Angechagua Moyo

Fundi cherehani alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana jioni, kama karatasi ya hospitali ilivyomwamuru, kwa hiyo ndani ya basi ni masikio yake tu yaliyokuwa yakila. Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja mwenye mtandio wa zambarau alikuwa akimlalamikia abiria wa pembeni, mwanamke ambaye wala hakumjua.

"Miaka yote ile ya masomo, dada yangu, halafu binti anachagua matumbo na maini. Ukisema mwanao ni daktari wa moyo, watu wanakupisha kiti. Ukisema wa tumbo, wanakusimulia wanavyoharisha."

"Lakini tumbo ndilo linalotusumbua kila siku," mwenzake akasema. "Moyo unakuuma mara ngapi?"

"Mara moja, lakini kwa heshima."

Fundi akajikaza asicheke.

"Leo, hapo hospitali ya mbele, ndiyo mara yake ya kwanza kumwingiza mtu ule mpira wenye kamera bila mwalimu wake kumsimamia," mama akaendelea. "Kanipigia alfajiri, anasema mikono inamtetemeka. Nikamwambia shauri yako, si ulichagua mwenyewe?"

Fundi, ambaye mpaka hapo hakuwa na hofu yoyote, akaikunja karatasi yake mara nne. Basi likasimama hospitalini. Akainuka.

"Pole, baba," mama akamwambia. "Moyo?"

"Tumbo."

Mama yule akainuka kidogo kwenye kiti. Akanyoosha mkono, akamtengeneza kola ya shati, kama mzazi anayempeleka mtoto kwenye mtihani.