Gunia la Kwanza Kwenye Mizani

Mheshimiwa mgeni rasmi, Ndugu mwenyekiti wa chama chetu cha wakulima, viongozi wa dini, ndugu wageni waalikwa, na ninyi mama zangu, dada zangu na wifi zangu mliokaa nyuma kwa kuwa viti vya mbele vina wenyewe: habari za asubuhi.

Nimepewa nafasi ya kutoa neno la shukrani kabla ghala hili jipya halijafunguliwa. Nitashukuru, ila kwa haraka, maana choroko haina adabu ya kusubiri hotuba. Iliyokauka isipochumwa umande ungali majanini, jua likishika maganda yanapasuka na punje zinamwagika chini. Hata sasa, nikiwaamkia wakubwa, zinamwagika. Wachumaji wote mmewaita huku kupiga vigelegele.

Tunaishukuru choroko. Mvua zilipotukimbia na mahindi yakatuaibisha, ni nani aliyetuezekea nyumba kwa mabati? Ni nani aliyewarudisha watoto darasani? Ni hiyo hiyo mbegu ndogo ya kijani. Lakini je, iliingia ghalani kwa miguu yake? Choroko haiivi yote kwa pamoja. Unachuma mstari, unaurudia, unaurudia tena, umeinama, kiuno kinalia, halafu uipige kwa fimbo, uipepete, uichambue. Nawapongeza wanaume wa hapa: katika kazi zote hizo, hakuna anayewashinda kwa kupokea malipo. Msicheke, sijamaliza kusifu.

Namsifu mwenyekiti. Ni kaka yangu, tumenyonya ziwa moja, na bila ugomvi wake na walanguzi ghala hili lisingesimama. Ndiye aliyenichagua nizungumze. Aliniambia, "Dada, wewe una maneno matamu, wafurahishe wageni." Kaka, nisamehe.

Tulizaliwa watatu, mimi na kaka zangu wawili. Yule mdogo tulimzika kabla ya mavuno yaliyopita. Ameacha mke, wifi yangu yule aliyesimama mlangoni na magunia yake. Mume akiwa mgonjwa kitandani, shamba lao alililima yeye, akalipalilia yeye; na tulipomaliza kuzika, akalichuma yeye. Alipofika kwenye mizani karani akamwambia, "Mama, mwanachama alikuwa mumeo. Wewe hatukujui." Choroko yake ikapimwa kwa jina la mwenyekiti, na malipo akapokea mwenyekiti. Wifi alipomfuata kuuliza, akajibiwa, "Shemeji, haraka ya nini? Si sisi ni familia moja?" Mpaka leo familia hiyo moja haijampa kitu, na watoto wake wanakula kwangu.

Najua wapo wanaonong'ona kwamba namwaga mtama kwenye kuku wengi. Ndugu zangu, mficha uchi hazai. Nilianza kumwambia faraghani, akanywa chai yangu, akaaga.

Basi sisi wachumaji tumekubaliana. Hatutoki hapa kwenda shambani mpaka tusikie kwamba anayechuma naye ni mwanachama, kwa jina lake mwenyewe. Tunajua kinachomwagika huko ni chakula cha watoto wetu, na njaa ikija itabisha hodi kwetu kwanza. Tunaogopa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mgeni njoo, mwenyeji apone. Ukishakata utepe, gunia la kwanza kupanda mizani litakuwa la wifi yangu. Karani yuko tayari na kalamu yake. Kaka, utasimama wewe, mbele ya watu hawa, umwambie aandike jina la nani. Ukitaja la shemeji yako, nitakuwa wa kwanza kukupigia vigelegele. Ukitaja lako, nitahesabu kwamba nimezika kaka wawili.

Nawashukuru nyote, asanteni kwa kunisikiliza. Kaka, kipaza sauti hiki hapa.