Aliyelikata Geti Lake Mwenyewe

Tarehe thelathini ya mwezi huu, Mkuu wa Kitengo chetu cha Mapango na Maji ya Ardhini atakabidhi ofisi baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye makaratasi ya serikali ana jina refu lenye vyeo viwili mbele yake. Humu ndani, kuanzia kwa mkurugenzi hadi kwa walinzi, anaitwa Mama Brashi, na mwenyewe ameniruhusu nimwite hivyo katika jarida hili. Alisema akiitwa vinginevyo hatajua anaagwa nani.

Jina hilo alilipata kwa haki. Mtu akitoka pango moja na tope kwenye soli za buti, akaingia nalo pango jingine, anaweza kuwapelekea viumbe wa huko ugonjwa wasioujua. Kwa hiyo tangu Mama Brashi aajiriwe, hakuna aliyevuka mdomo wa pango lolote bila kusugua buti zake mbele ya macho yake. Mwaka mmoja alikuja mgeni mkubwa kutoka makao makuu, viatu vinameta, wasaidizi wanamfuata nyuma. Tukadhani siku hiyo sheria italegezwa. Mama Brashi alimvutia kigoda, akampa ndoo na brashi, akaisifia tai yake, kisha akasimama palepale mpaka kisigino cha pili kilipotakata. Mpaka leo wasaidizi wa mgeni yule wakitupigia simu huanza kwa kuuliza brashi hajambo.

Alikuja kwetu akiwa binti aliyetoka chuoni na shahada ya elimu ya viumbe. Akapewa meza kwenye stoo ya mabomba, kwa sababu hakuna aliyejua mtu wa viumbe atafanya nini Idara ya Maji. Wakati ule maji ya ardhini kwetu yalikuwa maji tu: unachimba, unavuta kwa pampu, unatia dawa, unapeleka mjini. Yeye ndiye aliyetufumbua macho kwamba huko chini kuna wakazi. Katika nyufa za mwamba na mabwawa ya mapangoni wamo minyoo, konokono wadogo kama punje ya mtama, na kamba wa majini, weupe, wasio na macho, maana penye giza la siku zote macho ni mzigo tu. Wakazi hao hula uchafu na utando unaoziba vinjia vya maji, na kwa kula kwao maji huendelea kupita. Siku ya kwanza aliwaambia mafundi wa pampu, "Hawa ni wafanyakazi wenzenu, ila hawajawahi kuomba likizo." Mafundi walicheka, na ujumbe ukafika.

Wengi mtamkumbuka kwa kisa cha fundi magari. Bwana huyo alikuwa akimwaga oili chafu kwenye shimo nyuma ya gereji yake, na alipoonywa akajibu kwamba shimo lile halina mwisho wala mwenyewe. Mama Brashi hakubishana naye. Aliomba ruhusa yake kwa adabu, akamimina shimoni ndoo ya rangi ya kijani isiyo na madhara, akaenda zake. Baada ya siku chache maji ya kijani yakatokea kisimani kwa mama mkwe wa fundi, ng'ambo ya kilima. Idara haikuhitaji hata kuandika onyo. Yaliyosemwa kati ya mama mkwe na mkwewe hatukuyasikia na wala si heshima kuyauliza. Tunachojua ni kwamba kesho yake fundi alifika ofisini kwa miguu yake mwenyewe kuuliza oili chafu hupelekwa wapi, na leo yeye ndiye anayewakemea wenzake wa gereji za jirani.

Nikiishia hapo nitakuwa nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Sifa kubwa ya Mama Brashi imo ndani ya kosa lake, na yeye ndiye aliyesisitiza niliandike bila kulipunguza.

Miaka ya nyuma, pango kubwa kuliko yote tunayoyatunza lilikuwa kama soko. Watu waliingia na matairi yanayowaka kama mienge, wakavunja mawe yaning'iniayo kwenda kupambia sebule, wakafulia nguo kwenye bwawa lenye kamba weupe. Mama Brashi alipigania geti hadi sauti ikamkauka. Alipokubaliwa, alilichora mwenyewe: nondo nene zilizosimama wima, zimebanana kiasi kwamba hata mkono wa mtu mzima haupenyi. Fundi wa kuchomelea aliyelitengeneza, bingwa wa mji mzima, akaongeza maua ya chuma juu yake kwa mapenzi yake tu. Siku ya uzinduzi utepe ulikatwa, hotuba zikamwagwa, na picha ya geti ikaingia kwenye kalenda ya Idara. Tulijua tumeliokoa pango.

Aliyetuumbua alikuwa paka. Mlinzi wa pango alikuwa na paka wake, na kila tulipokwenda tulimkuta amenenepa zaidi. Mlinzi akawa anajisifu kwamba hayo ndiyo malezi. Mama Brashi akamwuliza anamlisha nini, na mlinzi, ambaye si mwongo, akakiri kwamba kwa kweli hamlishi kitu. Sisi tuliangua kicheko. Yeye hakucheka. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya geti kusubiri jioni.

Popo walipoanza kutoka kwenda kuwinda wadudu, tuliona wenyewe. Nondo zilikuwa zimebanana, mbawa hazipati nafasi. Ilibidi kila popo atue, ajikunje, atambae kama mzee anayepita chini ya kamba ya kuanikia nguo. Na hapo chini paka alikuwa amekaa kama mteja wa kila siku kwenye meza yake. Popo wengi walikuwa wameshalihama pango. Sasa, kinyesi cha popo kinachodondoka bwawani ndicho kinachootesha utando unaoliwa na kamba. Popo wakiondoka, kamba wanakufa njaa. Tulikuwa tumewafungia wenye nyumba mlango na kuwakatia chakula, tena kwa sherehe na utepe.

Mkumbuke kwamba mwezi uleule jina lake lilikuwa limepelekwa juu ili awe mkuu wa kitengo. Mkurugenzi wa wakati ule, ambaye picha yake ilikuwa kwenye kalenda pamoja na geti, alimshauri anyamaze kidogo mpaka cheo kitoke, au basi iandikwe kwamba fundi alikosea vipimo. Mama Brashi alikataa yote mawili. Alisimama kwenye mkutano wa wafanyakazi wote akasema fundi alifuata mchoro, mchoro ni wake, kosa ni lake, na geti likatwe haraka. Cheo kikaenda kwa mwingine. Yeye akarudi kwenye stoo ya mabomba na kukaa huko miaka mingine kadhaa, na sikuwahi kumsikia akinung'unika. Mimi ningenung'unika hadi kuta zinijibu.

Kazi ikabaki kwa fundi wa kuchomelea. Alipoambiwa alikate geti lake alikasirika, na nani angemlaumu? Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Alisema afadhali wakate mkono wake. Mama Brashi hakumwandikia barua wala hakumtumia mtu. Alikwenda karakana, akamwomba radhi kwa kumpa mchoro mbovu, kisha akamwomba aje naye jioni moja tu akaone. Fundi alikuja amenuna. Akakaa mbele ya geti, akatazama popo mmoja baada ya mwingine, akamtazama na paka. Mwisho akainuka akasema, "Dada, kumbe nimetengeneza sahani ya paka." Asubuhi yake alikuja na mashine ya kukatia chuma. Geti jipya lina nondo za kulala, zenye nafasi ya kutosha mbawa na isiyomtosha mtu. Maua ya chuma aliyarudisha juu yake, na safari hii Mama Brashi ndiye aliyeyadai.

Popo walirudi baada ya misimu michache. Paka akakonda, akaanza kuwinda panya kama wenzake. Wengi wetu tukaona mambo yamekwisha. Mama Brashi hakuona hivyo, kwa sababu kamba wa pangoni hana haraka. Huishi miaka mingi, huzaa kwa nadra, na jike hubeba mayai machache tu chini ya tumbo lake. Waliosalimika na njaa walikuwa wachache, na kila tuliposhuka bwawani tuliwakuta haohao, watu wazima, bila jike hata mmoja mwenye mayai. Bwawa lilikuwa kama nyumba yenye wazee watupu.

Baadaye cheo kilimfikia, akaongoza kitengo, akayawekea mapango mengine manne mageti ya namna mpya, akafundisha mafundi na walimu, akaitwa nchi za mbali kueleza habari za geti lililokosewa. Kote huko alianza na kosa kabla ya mafanikio. Lakini sisi tuliofanya naye kazi tulijua kinachomkosesha usingizi. Mumewe, mwalimu wa hisabati mwenye subira ya ajabu, hututania kwamba amekuwa mke mwenza wa pango, tena mke mdogo. Siku moja aliacha utani akatuambia kwamba mkewe hushtuka usingizini akiuliza kama wale kamba ndio wa mwisho. Mkurugenzi wetu wa sasa alipomwomba aongeze miaka miwili kwa mkataba, alikataa, akasema vijana wamesubiri mlangoni vya kutosha. Nilimwona akitoka ofisini humo. Alikuwa anaogopa kuondoka bila kujua kama geti lake liliwamaliza kamba wale.

Mwezi uliopita tulishuka naye kwa mara ya mwisho akiwa mtumishi. Tulisugua buti. Tulipita geti. Alilala kifudifudi juu ya ubao ukingoni mwa bwawa, kama afanyavyo siku zote, miwani ikiwa imefungwa kwa uzi isitumbukie. Alikaa hivyo muda mrefu hadi nikadhani mgongo umemkamata. Kisha akaninyooshea kidole bila kugeuka. Nikalala kando yake. Kwenye maji angavu, juu ya jiwe, alikuwepo kamba jike mmoja, na chini ya tumbo lake alikuwa amekumbatia mayai. Nyuma yake, kwenye kivuli cha jiwe, kulikuwa na jike wa pili naye hivyohivyo.

Mwanamke huyu, ambaye hajawahi kukosa neno mbele ya mkubwa yeyote, aliwahesabu kwa vidole kama mtoto: mmoja, wawili. Halafu akatuambia kwa sauti ya chini, "Zimeni taa, jamani. Tusiwasumbue wazazi." Tukazima. Tukakaa gizani sisi sote, na nikamsikia analia, nami nikalia, na kijana wetu wa vipimo anakanusha lakini naye alilia.

Mama Brashi, wenzako wa kitengo, wa maabara, wa pampu na wa getini tunakushukuru. Tunamshukuru mumeo na wanao kwa kutuazima mtu wao kwa muda mrefu hivi. Umetufundisha kulinda kwa akili pamoja na moyo, na kusema "nimekosea" tukiwa tumesimama wima. Tunakuombea afya, kicheko kingi na wajukuu wasiopenda kusugua viatu, ili usikose kazi.

Bwawani kuna wazazi, mama; wale si wa mwisho. Nenda kalale.